Thamani ya Gari la Milango Miwili

Nilikabidhi ufunguo wa kabati langu wiki tatu zilizopita, na bado naamka alfajiri nikijiuliza kama ripoti ya jana niliisaini ukurasa wa mwisho. Hakuna ripoti ya jana. Mume wangu ameacha hata kunijibu, anageukia ukutani tu. Ninyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kuthamini magari hapa Mwanza, na mkasisitiza niandike mambo mazuri. Nitajaribu. Ila mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, na kazi hii haikunitibu. Mthamini anaandika tarakimu moja kwenye karatasi, kisha anakaa kusubiri aone itamfanya nini mwenye gari.

Nilianza kama mpiga chapa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Mirongo, juu ya duka la vipuri, na wathamini walikuwa wanaume watatu wenye mwandiko mbaya. Nilipiga chapa ripoti zao hadi nikaanza kuona makosa: gari lina taa nne ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili zimebaki tatu. Nikawa nauliza. Mzee Ngassa, aliyekuwa mkubwa wao, alichoshwa na maswali yangu. Siku moja akaniambia, "Wewe binti, badala ya kuniuliza mimi, njoo uiulize gari yenyewe." Ndivyo nilivyotoka mezani nikaingia uvunguni mwa magari.

Mzee Ngassa alikuwa fundi bodi kabla hajawa mthamini, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kuchomelea hadi kwenye viwiko. Alinipa vifaa vyake vya zamani: sumaku ndogo iliyofungwa kamba, tochi, kioo chenye mpini mrefu cha kuchungulia chini, na kipande cha godoro cha kupigia magoti. Gari langu la kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja wa Magu aliyegonga ng'ombe. Rangi iling'aa, nikaandika kwa furaha kwamba bodi ni nzima. Mzee akachukua sumaku akaibandika mlangoni. Ikaanguka. Akaiokota, akaibandika tena, ikaanguka tena.

"Sumaku inashika bati," akasema. "Huu mlango ni puti tupu, udongo wa kuzibia mabonde. Umethamini ugali, mama."

Nilicheka wakati ule. Tangu hapo kila gari nililigusa kwa sumaku mara mbili, na nikifika nyumbani nikatamani kurudi kuligusa mara ya tatu.

Mengi niliyojifunza hayakuwa kwenye fomu. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika kwamba gari lilibeba dagaa mara moja tu, miaka minne iliyopita, na kwamba ukifunga vioo saa sita mchana utajua mwenyewe. Hakuna pia nafasi ya gari lililolala ndani ya maji siku mto Mirongo ulipofurika, likakaushwa, likapuliziwa manukato, na mwenyewe anakuapia kwa jina la mama yake kwamba halijawahi kuona tone. Kwa hayo inueni zulia la buti mnuse. Msione haya, pua ni kifaa kama tochi.

Lakini kuna mambo mawili ya Mzee Ngassa ambayo nawaandikia kwa kirefu, kwa sababu niliyashika kama sala na ndiyo yaliyoniponza.

La kwanza lilihusu magari ya kifahari ya zamani. Hapa Mwanza yapo mengi kuliko watu wanavyodhani, mengi yakiwa ya Kijerumani, yaliyonunuliwa na wafanyabiashara wa pamba na kahawa enzi zao, na sasa yamefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Mzee alisema ukipewa gari la namna hiyo, usifungue boneti. Anza kiti cha nyuma. "Huku hakuna anayenunua gari kubwa ili aendeshe," alisema. "Ananunua ili apakizwe." Na ni kweli. Mkweche wa miaka arobaini hapa unaishi kwa harusi: Jumamosi unaoshwa, unafungwa riboni, unambeba bibi harusi kutoka saluni hadi kanisani. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kazini na vitenge viwili kwenye mkoba. Navifunga kiunoni vyote, viwe kama gauni la bibi harusi, naingia kiti cha nyuma, natoka. Kitenge kikinaswa au goti likigonga, napunguza thamani.

Kwa kipimo hicho sedani, yaani lile la milango minne, lilishinda siku zote. Gari la milango miwili lilishindwa kabla ya kuanza. Wataalamu wa magari huliita kupe, na mfugaji ukimwambia gari lake ni kupe anakuangalia kama umemtukania zizi. Sisi tuliliita gari ambalo halikumalizwa.

Jambo la pili lilikuwa muhuri. Ripoti ikishapigwa muhuri, Mzee alisema, hairekebishwi kwa mdomo. Unaandika barua, mkuu wa ofisi anasaini, inapigwa muhuri, unaipeleka kwa mkono na mwenye gari anaipokea kwa sahihi. Mwenzetu mmoja aliwahi kurekebisha bei mgahawani, katikati ya supu, akaishia kupanda kizimbani kutoa ushahidi wa maneno aliyoyasema na ambayo hakuyasema. Mimi sheria hii niliipenda kuliko hata mwenyewe aliyenifundisha. Kwa mtu wa wasiwasi, muhuri ni dawa. Ukishagonga unasema, basi, si mimi tena, ni ofisi.

Mzee Ngassa alistaafu akarudi kwao Kwimba, nami nikakalia kiti chake. Hayo hayana habari. Habari iko Buswelu.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, wakati daraja la Kigongo likiwa bado nguzo tupu na watu wakivuka kwa kivuko. Mfanyabiashara mmoja wa pamba alifariki akaacha watoto wawili tu, mapacha, Kulwa na Doto. Mama yao alishatangulia. Nyumba na shamba viligawanywa bila shida. Shida ilikuwa magari mawili yaliyokuwa chini ya banda: sedani nyeusi na kupe ya rangi ya maziwa, ya kampuni moja na umri karibu sawa. Baba alikuwa amesema mapacha wake wapate sawa, na wazee wa ukoo wakaona ni busara kuita mthamini. Wakaniita mimi.

Doto ndiye aliyenipokea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Sengerema, mama wa watu wazima wawili, mwembamba, mcheshi. Aliniamkia shikamoo ingawa hatukupishana sana kwa umri, kisha akavuta turubai mwenyewe.

"Hii baba alikuwa ananipeleka nayo shule," alisema, akigonga paa la ile kupe. "Kulwa alikuwa hapandi. Anasema watu watamcheka, gari ya tajiri imeishiwa hela ya milango."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakaa mbele, mama. Nilikuwa nashusha kioo cha mbele na cha nyuma, halafu hakuna kitu katikati. Ziwa lote unaliona kama liko ndani ya gari."

Nilisikia, na sikusikia. Mtu ananiambia hakuna nguzo kati ya vioo, na mimi niko ninafunga vitenge vyangu. Nikakunja kiti cha mbele, nikajipenyeza nyuma, na nilipotaka kutoka nikakwama. Doto alinivuta mikono yote miwili, tukacheka hadi Kulwa akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikaenda kwenye sedani, nikaingia na kutoka kama malkia. Sumaku ilishika magari yote mawili, bati safi. Kupe haikuwa na kutu hata chini ya mazulia. Niliandika yote hayo. Kisha nikaandika kwamba sedani ina thamani ya kupe tatu.

Doto aliniuliza kama kupe yake ingeweza kumletea chochote. Alitaka kuikodisha kwa harusi, maana mshahara wa ualimu tunaujua. Nilimwonea huruma. Kwenye sehemu ya mapendekezo, mahali ambapo wengi wenu huwa mnaacha wazi, nikaandika kwa mkono wangu: "Thamani ya gari hili inaweza kuongezeka endapo litaongezwa milango miwili ya nyuma." Ripoti ikapigwa muhuri ofisini, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Kikao cha ukoo kiliisoma ripoti kwa sauti. Kulwa, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa, alichagua sedani. Doto alipewa kupe, na ng'ombe kadhaa wa kusawazisha. Akaivusha Kigongo hadi Sengerema. Baada ya wiki mbili alinipigia simu kunishukuru: ameuza ng'ombe wawili, fundi amepata milango kwenye gari bovu huko Geita, na wataanza kazi mwezi huohuo. Nikamtakia heri. Nilimaanisha.

Jumanne iliyofuata, mchana, akaja ofisini Daktari Kaijage, mzee wa Bukoba aliyestaafu udaktari na mwenye ugonjwa wake wa kukusanya magari ya kale. Alikuja kwa ajili ya bima. Nilimwamkia, nikamwomba asubiri, na picha za Buswelu zilikuwa mezani. Akazishika. Akavaa miwani.

"Hii kupe iko wapi?"

"Ya mteja, daktari. Ile nyingine ndiyo yenye thamani."

Alinitazama kwa upole, kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa, nadhani, na ule upole ndio ulionitia baridi. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza habari za kiti cha nyuma na vitenge. Hakucheka. Alivuta kiti akaniambia kwamba sedani za aina ile zilitengenezwa nyingi sana. Zilikuwa teksi huko kwao, zilikuwa za serikali huku kwetu, na mpaka leo mtu akitaka moja atachagua rangi. Ni gari zuri, akasema, na anayependa kukaa nyuma atalipenda. Kupe zilikuwa chache, bodi zake zilimaliziwa kwa mkono, na paa lake linasimama bila nguzo katikati. Anayekusanya magari hanunui viti. Ananunua kile ambacho hakipatikani tena, kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. "Nipe hii ikiwa haijaguswa," alisema, "nitatoa bei ya sedani sita kama ile. Na kuna watu Nairobi watanizidi."

"Na ikiwa imeguswa?"

"Imeguswa vipi?"

"Mtu akiongeza milango."

Akavua miwani. "Mama, mtu akikata ubavu wa gari hiyo, kilichobaki ni chuma chakavu. Nani anaweza kufanya kitu kama hicho?"

Nilimwambia sijui.

Alipoondoka nilikaa na kalamu mkononi. Nataka msome vizuri nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu wakati ule niliona nafanya kazi kwa uangalifu mkubwa.

Jumanne ile sikufanya kitu. Niliogopa daktari amekosea, kisha nikaogopa hajakosea. Jumatano nilikagua picha moja moja, nikawapigia watu wawili wanaojua magari ya kale, mmoja Arusha na mmoja Dar es Salaam. Wote wawili waliuliza swali lilelile: haijaguswa? Jioni nikaandika barua ya kurekebisha ripoti. Nikaichana, kwa sababu ilisomeka kama vile najitetea. Nikaandika ya pili, nikaichana, kwa sababu ilisomeka kama vile nakiri kosa. Ya tatu ilikuwa fupi: kwamba thamani imepitiwa upya, na kwamba gari lisikatwe wala kubadilishwa kwa namna yoyote hadi hapo mwenye gari atakapopata ushauri zaidi.

Alhamisi asubuhi niliipeleka kwa mkuu wa ofisi asaini. Mkuu alikuwa Misungwi kwenye mkutano. Nikamsubiri. Nilikwenda dirishani na kurudi, nikapanga jalada la Doto upya, nikanywa chai tatu. Kijana wa mapokezi aliniuliza kama naumwa, nikamwambia shinikizo la damu. Kila nilipowazia fundi wa Sengerema nilijiambia kazi za mafundi tunazijua, akisema mwezi huu ni mwezi ujao. Mkuu alirudi jioni, akasaini bila kusoma. Karani wa muhuri alikuwa ameshaondoka na ufunguo wa droo.

Ijumaa asubuhi barua ilipigwa muhuri. Nikaiweka kwenye bahasha, nikaenda Kigongo.

Foleni ya magari ilikuwa ndefu na kivuko kilikuwa upande wa Busisi. Nilikaa garini na bahasha mapajani, naangalia zile nguzo za daraja zimesimama majini na juu yake hakuna kitu. Kwa mara ya kwanza nikampigia Doto. Haikupokelewa. Nikajua yuko darasani, nikapiga tena, nikapiga tena. Kivuko kilipofika tulipakiwa polepole, lori la mkaa likakataa kuwaka mbele yetu, likasukumwa. Katikati ya maji nilikuwa nasema peke yangu yale nitakayomwambia, mpaka mama aliyekaa jirani na ndoo ya sangara akahamia upande wa pili.

Sengerema niliuliza gereji ya Fundi Masanja, nikaonyeshwa nyuma ya soko. Nilisikia kwanza sauti ya grenda ikikata chuma, na nilianza kukimbia, mimi na miaka yangu na viatu vya ofisini. Ilikuwa inakata geti la mtu.

Kupe ilikuwa kivulini. Upande niliotokea, ubavu wa kulia, ulikuwa mzima, una alama za chaki tu. Nilishika ule mlango nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikazunguka.

Ubavu wa kushoto ulikuwa umefunguliwa. Nguzo mpya ilikuwa imechomelewa katikati, nene, nyeusi, na mlango wa bluu wa gari lingine ulining'inia kwenye bawaba zake. Fundi Masanja aliniona, akafuta mikono akaja kunisalimia kwa heshima, akasema ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, chuma cha zamani kizito. Na ndipo Doto akaingia uani na vumbi la chaki bado mikononi.

"Mama! Shikamoo! Nimeona simu zako nikiwa darasani. Kumbe umekuja kuangalia?" Akanishika mkono, akanipeleka ubavuni, akaufungua ule mlango wa bluu na kuufunga. "Haya, ingia na vitenge vyako. Leo hukwami."

Nilimpa bahasha. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Aliisaini kwanza kwenye daftari langu, maana nilimwelekeza asaini, Mungu anisamehe, kisha akaisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili. Nikamweleza yale ya daktari, sedani sita, nguzo, yote, na sikumficha kwamba lile pendekezo lilikuwa langu na si la mtu mwingine. Aliangalia lile gari. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa mgongo wa mkono na chaki ikabaki shavuni.

"Sikuwa nimetaka sana milango," alisema. "Nilifuata karatasi."

"Najua, Doto. Naomba unisamehe."

"Kukosea ni sehemu ya kazi, mama. Hata mimi nakosea ubaoni." Akakunja barua vizuri, akairudisha kwenye bahasha. "Sasa wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Barua ilikuwa na tarehe ya Alhamisi.

"Jumanne."

Akageuka. "Fundi, huu upande ulianza kukata lini?"

"Jana, mwalimu. Jana saa nane mchana, umeme uliporudi."

Doto hakupiga kelele. Alihesabu kwa vidole, kama anavyowahesabia watoto wa darasa la kwanza: Jumanne, Jumatano. Kidole cha Alhamisi alikishika akabaki nacho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, na alikuwa anauliza kweli, anataka kuelewa:

"Si ulikuwa na namba yangu?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa juu ya jalada lake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na siku zote tatu jalada lile lilikuwa mezani mbele yangu.